Miaka Niliyoangushwa na Dekow

Kila kijana anayekuja kwangu kutaka kujua mambo ya mieleka huniuliza swali moja: mzee, ulishinda mara ngapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilikuwa naanguka vipi. Basi nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Naandika, mtasoma wenyewe. Shule nilikaa mihula miwili, kwa hivyo mkikuta kosa lirukeni muendelee. Kiswahili hiki sikukipata darasani, nilikipata juu ya lori, kwa madereva na askari, na kimenilisha vizuri kuliko vyeti vyenu vinavyowalisha nyinyi.

Kazi yangu ilikuwa kushindwa. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, nyuma ya soko la mbuzi hapa Garissa, mtu mmoja aitwaye Dekow alininyanyua juu akanitupa chini mbele ya mji mzima. Nililala pale kama maiti, watu wakambeba Dekow mabegani, wakaenda naye. Kisha nikaamka, nikajipangusa mchanga, nikaenda kunywa chai peke yangu. Niliifanya kazi hiyo miaka yote ile ya vita vya shifta, na hakuna mtu katika mkoa huu, kutoka Mandera mpaka Masalani, aliyejua kuanguka kama mimi.

Nawaambia mapema, msije mkasema nimewaficha: nilikuwa namwonea Dekow wivu. Amekufa, Mungu amrehemu, na bado namwonea.

Tuanze na kazi, maana ndiyo mnayoitaka. Mtu mzima asiyetaka kunyanyuliwa hanyanyuliki. Jaribuni na wenzenu muone. Anayenyanyuliwa ndiye anayeruka. Dekow aliniwekea mikono kiunoni, akakaza shingo mishipa ikatoka, akanguruma. Mimi ndiye niliyepinda magoti, nikaruka, nikajiviringisha juu ya bega lake, nikaenda zangu. Yeye kazi yake ilikuwa kusimama tu, na hata kusimama kulikuwa kukimshinda siku nyingine, ikabidi mimi niliye hewani nimshike kwa vidole ili asiyumbe.

Ukiwa unakwenda chini, toa pumzi yote kabla hujafika. Ukifika na pumzi ndani, mbavu zitakusema mwezi mzima. Kidevu kiwe kifuani. Kiganja kipige chini kwanza, kikiwa wazi, kwa sababu mkono ndio unaokula kishindo, mgongo ukifuata unakuta kazi imekwisha kufanywa. Halafu usiamke haraka. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukiamka haraka umemnyang'anya mwenzako kila kitu. Lala. Inua kichwa kidogo, kiache kianguke tena. Mtazame yule aliyekutupa kama mtu anayetazama mto uliofurika ukichukua mbuzi wake.

Na kuanguka peke yake hakutoshi. Kabla ya hapo lazima ukaribie kushinda, mara tatu hivi, mpaka watu wasimame waseme leo Dekow amepatikana. Watu wetu ni wafugaji, kila mwanamume amepigana mieleka machungani tangu utotoni. Huwaletei upuuzi. Mguu ukikaa pabaya, mzee mmoja huko nyuma atasema kwa sauti, "Huyo amejiangusha," na Ijumaa mbili zinazofuata utapigana na nzi.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Awadh, Mwarabu wa Lamu, mwenye duka la nguo na lori moja. Ujanani alikuwa amefanya kazi kwenye sarakasi ya Wahindi, na kazi yake ilikuwa kuangushwa na dubu. Dubu mzee, hana meno. Aliniambia dubu yule alikuwa rahisi kuliko Dekow, maana dubu hakuwa na majivuno. Mimi nilikuwa turniboi wake, utingo wa lori lile. Siku moja nilianguka kutoka juu ya magunia ya sukari lori likitembea, nikaamka na sigara bado iko mdomoni. Bwana Awadh akasimamisha lori, akashuka, hakuniuliza kama nimeumia. Aliniuliza kama naweza kufanya vile tena.

Dekow naye, Bwana Awadh alimchukua kwa sura. Kifua, meno, nywele. Alikuwa kuli hapo sokoni. Mimi niliitwa Gunia.

Msifikiri tulianza vizuri. Sheikh wa msikiti alikuja kututazama siku ya mazoezi akasema mapaja hayaonekani na uso haupigwi. Alikuwa na haki. Tukashonewa suruali za turubai zinazofika chini ya magoti, na ngumi za uso tukaziacha. Halafu kulikuwa na mchanga. Mchanga wa mto Tana ni laini, ukianguka hausikiki, na mtu asiposikia haamini kwamba umeumia. Bwana Awadh akaniambia nitafute sauti. Nikachimba shimo fupi, nikalitandika ngozi ya ngamia iliyokauka, nikaivuta kwa vigingi ikakaza kama ngoma. Haikunitosha. Nikapanga chini yake madebe matupu ya mafuta ya taa.

Siku tuliyoyajaribu, muda baada ya kuanza kazi, ilikuwa tayari hali ya hatari imetangazwa. Askari waliokuwa hawana zamu walikaa safu ya mbele. Dekow akanirusha, yaani nikaruka, nikashuka juu ya madebe. Mlio ule sijausikia tena maishani. Safu yote ya mbele ililala kifudifudi. Akina mama wakakimbia na viatu vyao wakaviacha. Bwana Awadh alisimama katikati mikono juu, akisema debe, jamani, ni debe, wallahi ni debe. Tulibaki hai kwa sababu askari mmoja alianza kucheka akiwa bado ana mchanga mdomoni. Madebe tukayatoa siku ile ile. Ngozi peke yake ilitosha.

Sasa niwaambie kuhusu wivu, na mimi sisemi kwa aibu. Ngamia akichinjwa kwa Bwana Awadh, Dekow alipewa nundu, mimi shingo. Akiingia hotelini chai yake hailipwi. Fundi alimshonea bure, mimi suruali yangu ikipasuka nilishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Watoto waliozaliwa mwaka ule mjini waliitwa Dekow, nusu yao. Hakuna aliyemwita mwanawe Gunia. Wanawake walimletea samli ndani ya vibuyu, akaniachia vibuyu nivirudishe. Yote hayo ningeyavumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni kwamba alianza kuamini. Siku moja tukiwa njiani akanishika mkono, akaniambia kwa huruma, eti atajaribu kunitupa polepole, kwa sababu anaona nazeeka. Tulikuwa rika moja.

Na jina lile nililitengeneza mimi. Hapa ndipo msomaji wangu akae sawa.

Dekow alikuwa mtoto wa upande wa Masalani, kando ya mto. Baba yake alichunga ng'ombe wa watu. Safari ndefu zaidi aliyowahi kufunga maishani ni ile ya kuja Garissa, na alitapika njia nzima. Nani atatoka nyumbani kwake kuja kumtazama mtu wa namna hiyo? Nilimwambia Bwana Awadh kwamba mtu mkubwa lazima atoke mbali. Nikatunga. Tukaandikisha ubao, rangi nyekundu, ukasimamishwa mbele ya duka: DEKOW, SIMBA WA NG'AMBO, AMEFUNDISHWA MOGADISHU, HAJASHINDWA. Wakati huo ng'ambo ilikuwa ng'ambo tu, mahali pa kutoka vitambaa na redio nzuri. Watu walipenda.

Kisha mambo yakageuka. Bendera ikabadilishwa, na huku kwetu watu wakataka njia nyingine, wajiunge na wenzao wa Somalia, vita vikaingia. Lori haliendi bila msafara wa askari mbele na nyuma. Watu wa nyikani wakakusanywa vijijini, ngamia wakachukuliwa, jua likizama kila mtu ndani. Neno Mogadishu likawa neno ambalo mtu hulisema akiwa amegeuza uso. Na ubao wetu uko pale pale mbele ya duka, unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Bwana Awadh hakuuona tena, kama vile mtu asivyouona mlango wake mwenyewe. Mimi niliuona. Kila asubuhi nilikaa chini yake nikinywa chai, nikauona. Ningechukua kopo la rangi nikaufuta kwa dakika kumi. Sikuufuta. Nilijiambia acha uongo huu umtie joto kidogo Dekow. Na yeye mwenyewe alikuwa akiwasimulia askari habari za chuo cha mieleka cha huko, na mwalimu wake baharia, na mambo mengine ambayo hata mimi sikuyatunga.

Akaja afisa mpya kambini. Mtu wa bara, mwembamba, sauti ya chini. Jumatano moja alipita mbele ya duka na watu wake, akasimama, akasoma ubao mara mbili. Akauliza ni nani huyu aliyefundishwa Mogadishu. Mimi nilikuwepo, Bwana Awadh alikuwepo, tukanyamaza. Dekow akatoka ndani ya duka, akatanua kifua.

"Ni mimi, afande."

Wakaondoka naye.

Sasa sikilizeni mtu mzima akiwaambia jambo baya lake. Sikwenda kusema. Ningeweza kwenda siku ile ile. Niliogopa, hiyo ni kweli, maana aliyetunga maneno yale ni mimi na kambini kulikuwa na nafasi yangu pia. Lakini woga ulikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa ni kwamba Ijumaa inakuja na hakuna Dekow.

Nikamwambia Bwana Awadh kwamba Ijumaa nitapigana mimi, na safari hii mimi ndiye mshindi. Akasema haya. Tukamchukua kuli mmoja aitwaye Mahat, kijana mwenye shingo nene, ili aanguke. Nilimfundisha siku mbili. Nilimwambia nikikushika ruka. Akaniuliza, niruke niende wapi?

Ijumaa watu walijaa, kwa sababu hawakuwa na habari kwamba Dekow hayupo. Nikamshika Mahat, nikanguruma kama Dekow. Mahat hakuruka. Alinikumbatia kama mtu anayeaga mama yake. Tukaenda chini pamoja, yeye juu yangu, na hapo akakumbuka mafunzo, akajiviringisha akalala kama maiti. Mimi nikasimama nikainua mikono. Watu kimya. Kisha mzee wa nyuma akasema lile neno lake, na wote wakacheka, wakaenda nyumbani kabla ya magharibi. Ijumaa ya pili walikuja watu kumi na mbuzi mmoja.

Ndipo nilipoelewa nilikuwa nimefanya nini miaka yote ile. Kifua na meno ya Dekow vilikuwa vya Dekow. Kilichobaki kilikuwa changu, na hakikukaa kwenye mwili wangu hata nilipokitaka. Bado sikwenda kambini. Mnaona wivu ulivyo.

Aliyenipeleka ni mama yake. Alifika na lori la msafara kutoka huko kwao, mwanamke mdogo, mkavu, amejifunga shuka mbili. Alikuwa amesikia kwamba waliokamatwa watasafirishwa bara, na waliosafirishwa hakuna aliyejua wanarudi lini. Hakwenda kwa Bwana Awadh wala kwa sheikh. Aliuliza sokoni ni nani yule anayeangushwa na mwanangu, akaoneshwa mimi.

Nilimkaribisha chai, nikamwita hooyo kama ninavyomwita mama yangu. Hakuigusa chai.

"Wanasema mwanangu ana nguvu za hatari," akasema. "Mimi nimemlea. Beberu alimwangusha akiwa na miaka kumi na minne, tukamtoa kwenye miiba. Huyo mwenye nguvu ametoka wapi?"

Nikamsogezea chai tena.

"Ni wewe uliyemtoa," akasema. "Kamrudishe."

Asubuhi nikavaa kanzu safi nikaenda. Getini nikaeleza shida yangu, nikapelekwa mpaka kwa yule afisa. Nilimwambia ubao ule maneno yake ni yangu, mtu huyu hajavuka mpaka wowote, hajafundishwa na yeyote, na hana nguvu kuliko mtu yeyote wa kubeba magunia. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye ninayeangushwa. Askari wa mlangoni akacheka chini chini akasema, "Afande, ni yeye kweli. Huyu huanguka vizuri sana." Alikuwa mmoja wa wale wa madebe.

Afisa hakucheka. Alisema rafiki wa mtu lazima aseme hivyo. Kila mtu mjini amemwambia kwamba Dekow humtupa mtu mzima kama nguo, na ujuzi huo hauokotwi njiani, kwa hivyo ama mji wote unadanganya au nadanganya mimi. Nikamwambia tunadanganya sote. Nikamwambia mlete hapa utazame kwa macho yako.

Akaletwa uani. Amekonda, ndevu zimeota. Aliponiona akafikiri nami nimekamatwa, na sitasema alihuzunika. Afisa akatuambia tupigane, na akatutahadharisha kwamba akiona mchezo wa sokoni atatuweka ndani wote wawili. Nyuma yake walikuwa askari wawili, na pembeni mpishi anamenya viazi.

Tukashikana. Dekow akaniambia kwa Kisomali, mdomo karibu na sikio langu, kama tulivyozoea kila Ijumaa:

"Warya, wewe, ruka."

"Leo siruki."

"Unataka kunivunjia jina mbele ya hawa?"

"Jina ndilo limekuweka ndani."

"Basi liache liniweke."

Na alimaanisha. Hilo sikulitegemea. Nilidhani nitamsukuma kidogo ataelewa, aanguke, twende nyumbani. Mtu yule alikuwa radhi kupakiwa kwenye lori kwenda asikokujua kuliko kuonekana yuko chini. Akanishika kweli, akanisukuma kwa nguvu zake zote, akaniuma hata bega. Kwa hivyo ikabidi nimshinde. Nilimwekea mguu, nikageuza kiuno, nikamtupa. Akaenda chini kama mlango uliong'oka. Akaamka akanijia, nikamtupa. Akaamka tena. Mara ya tatu nilimtupa kwa kila kitu nilichokuwa nacho, nundu, samli, chai za bure, watoto wote wanaoitwa Dekow, na sitawadanganya, nilifurahi akiwa bado yuko hewani. Alinyoosha mkono mzima mbele yake kuzuia ardhi. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu ambaye hajafundishwa. Bega likateguka, nikalisikia.

Afisa akaja akasimama juu yake.

"Nani alikufundisha kuanguka?"

Dekow, jasho linamtoka kwa maumivu, akasema, "Sijawahi kuanguka, afande."

Hapo ndipo yule afisa alipocheka kwa mara ya kwanza. Akawaambia askari wake kwamba kwenye mieleka ya chuo cha jeshi, wiki mbili nzima, hawakuruhusiwa kumshika mtu. Walifundishwa kuanguka tu, mbele, nyuma, ubavu, mpaka wakachukia. Akasema hakuna mwalimu wa mieleka duniani, wa Mogadishu wala wa mahali pengine, anayeanza na kitu kingine. Kama huyu alifundishwa, alifundishwa na ng'ombe. Akaagiza bega lirudishwe, barua ya kumwachilia iandikwe, na ubao ule ufutwe kabla jua halijazama. Mimi akaniambia nikitunga tena, nitunge kuhusu mtu wa Thika, huko bara.

Kwa hivyo nilishinda, mkitaka kujua. Mara tatu kwa asubuhi moja, mbele ya afisa, askari wawili, na mpishi wa viazi ambaye hakuinua kichwa.

Tukarudi mjini, yeye mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Pale sokoni watu wakamzunguka wakamuuliza wamekufanya nini. Dekow hakujibu. Alitazama mbali, na mimi nikatambua kule kutazama, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha. Kufika magharibi habari ilikuwa kwamba askari watatu walijaribu kumwangusha. Kesho yake walikuwa saba. Ijumaa walikuwa kumi, na hao kumi wote waliishia kumtegua bega moja tu, ndipo serikali ikaona bora imwachilie. Bega nililotegua mimi. Nilisikia habari hiyo hotelini, ikisimuliwa na mtu aliyenisukuma kando ili aonekane vizuri.

Mtasema ningesema kweli. Najua mnachofikiri. Ningesema kwa nani? Ningeufungua mdomo, Ijumaa zingekufa, na Bwana Awadh na Dekow na mimi tungelala njaa pamoja. Kazi hii siri yake ni ya wanaoifanya. Nyinyi nawaambia kwa sababu mnasema mnataka kuifanya.

Ijumaa ile watu walijaa mpaka juu ya paa za vibanda. Bwana Awadh alitaka kuahirisha kwa sababu ya bega, Dekow akakataa. Mama yake alikaa upande wa wanawake, kwenye mkeka wa mbele. Nikapigana na mtu wa mkono mmoja, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, maana ilibidi nikaribie kumshinda bila kugusa upande wake mbovu, na bado ionekane namtafuta huko huko. Mara ya kwanza nilikaribia, watu wakasimama. Mara ya pili wanawake wakafunika macho. Mara ya tatu nikamfunga kiuno kabisa, mzee wa nyuma mwenyewe akanyamaza. Ndipo Dekow akaniambia sikioni.

"Nitupe."

Nikafikiri sikusikia.

"Nitupe, walaal. Mbele ya watu. Nimekubali."

Walaal maana yake ndugu. Hakuwa ameniita hivyo hata siku moja. Miaka yote niliota maneno yale, niliyaota nikiwa nashona suruali, niliyaota nikiwa naokota vibuyu. Nilikuwa nimemshika vizuri, kiuno chake kiko mkononi mwangu, mji wote umesimama. Kugeuza nyonga tu.

Sikumhurumia. Msije mkaandika popote kwamba nilimhurumia. Nilikasirika. Niliona huyu mtu hata kushindwa anataka anipe yeye, kama zawadi, kama vile anavyoniachia vibuyu. Mimi nilikuwa nimekwisha chukua changu, na sikuomba ruhusa.

"Hujui kuanguka," nikamwambia. "Utategua na bega la pili. Kaza shingo."

Nikaruka.

Niliruka kutoka kwenye mkono mmoja mbovu wa mtu aliyekuwa anatetemeka, nikapita juu ya kichwa chake, miguu ikaonekana mpaka sokoni, nikatoa pumzi, kidevu kifuani, kiganja, mgongo. Ngozi ya ngamia ililia. Nililala. Mji ulipiga kelele moja ndefu, wakamnyanyua Dekow wakaondoka naye, vumbi likanifunika. Nilipoinua kichwa kile kidogo ninachokiinua, nilimwona mama yake bado amekaa kwenye mkeka. Yeye hakuwa amemfuata mwanawe kwa macho. Alikuwa ananitazama mimi, naye alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayetazama kazi ya fundi.

Tulifanya kazi pamoja mpaka magoti yalipokataa. Hatukuzungumza tena habari ya ile asubuhi kambini, wala yeye hakuniita ndugu mara ya pili.

Alipokufa nilikwenda matangani, kwake mtaa wa Bula, nyumba kubwa, watu wamejaa mpaka barabarani. Wazee wakasimama mmoja mmoja wakimsifu. Mmoja, ambaye wakati wa shifta alikuwa bado ananyonya, akasimulia jinsi Dekow alivyopigana na askari kumi kambini peke yake. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote, akasema, mzee Gunia alikuwepo zama zile, atuthibitishie.

Wanawe wakanitazama. Nilikuwa na kweli yote mdomoni, nimeikalia zaidi ya miaka hamsini, na aliyekuwa ananizuia amelala kaburini. Nikasimama kwa fimbo yangu.

Nikasema huyu ndugu hakuelezwa vizuri. Hawakuwa kumi. Walikuwa kumi na wawili.

Watu wakamtaja Mungu. Nikaketi, moyo unaniuma kwa wivu kama kijana. Mwanawe mkubwa, naye ana mvi sasa, akaniletea chai kwa mikono yake miwili, akaniinamia, akaniuliza kama ni kweli kwamba mimi ndiye yule mtu ambaye baba yake alikuwa akimwangusha.

Nikamwambia ndiyo. Kila Ijumaa.